Gunia la Januari

Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti tu. Kazini, mtaani, hata kanisani, walimwita Mama Mizani, na wapo walioamini ndivyo alivyobatizwa. Alikuwa mtunza stoo wa jiko la hospitali, na katika miaka kumi na mitano ya kazi hiyo hakuwahi kupoteza hata kijiko. Mpishi mkuu, jitu la futi sita linaloogopwa na wauguzi, kila asubuhi lilisimama mbele ya meza yake kama mtoto aliyetumwa dukani, karatasi mkononi: mchele kilo kadhaa, maharage kadhaa, mafuta lita kadhaa. Mama Mizani anasoma, anapima, anaandika, kisha anageuza daftari. "Weka sahihi." Asiyesaini haondoki na hata chembe ya chumvi. Siku moja mganga mkuu mwenyewe alichukua sukari ya chai ya wageni wake akasahau kusaini. Alifuatwa hadi ofisini na kupewa kalamu mbele ya wageni hao hao.

Sasa mtu wa namna hiyo, nyumbani kwake mambo yalikwendaje? Hovyo. Tuseme kweli, hovyo kabisa, hasa mwezi wa kumi na mbili. Mumewe alikuwa fundi rangi, na Desemba kila mtu anataka kuta zing'ae kabla ya sikukuu, kwa hiyo mfuko wa fundi ulijaa. Mshahara wa hospitali nao ulitoka mapema, tarehe ishirini, ili watu washerehekee. Basi nyumba nzima ilikuwa inalewa bila kunywa. Kuku, soda, biskuti za kopo, mafuta ya kumwaga. Na kila Krismasi alikuja dada mkubwa wa fundi, mwenye saluni ya nywele, na watoto, wakwe na wajukuu wake. Walikuja mikono mitupu, na walipoondoka hata ukoko ulikuwa umekombwa.

Halafu Januari inaingia. Siku arobaini na mbili kutoka mshahara hadi mshahara, na hakuna binadamu anayepaka nyumba rangi mwezi wa kwanza.

Januari iliyopita stoo ilikauka tarehe kumi na moja. Mama Mizani alikunja mfuko, akautia kwapani, akaenda kwa wifi yake, yule yule mwenye saluni. Mlango ulifunguliwa nusu. "Wifi, hapa kwangu hakuna kitu," aliambiwa. "Jaribu kwingine." Alirudi na mfuko wake kwapani vile vile, akipita njia ya nyuma ili majirani wasimwone. Siku tatu baadaye binti yake wa kati, wa darasa la tano, alianguka mstarini shuleni. Mwalimu akampa chai na mkate, akainuka. Fundi Rangi akawatangazia watu kwamba mtoto alipata homa.

"Homa gani inayopona kwa mkate?" mkewe alimwuliza.

Swali hilo alikaa nalo mwaka mzima. Lilimchoma kila alipompimia mchele mgonjwa asiyemjua, akakumbuka mtoto wake mwenyewe alivyolala kwenye vumbi la uwanja wa shule. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira, na hasira ikamfundisha kazi. Ilipofika Novemba alipiga moyo konde: mwaka huu, piga ua, Januari italiwa.

Akabandika karatasi kwenye mlango wa stoo ndogo ya jikoni, akaipiga mistari kwa rula. Kitu, kiasi, kilichotoka, sahihi. Desemba aliiandikia kiasi kile kile cha Oktoba. Siku ya Krismasi aliipa mstari wake mmoja, mwembamba. Chini kabisa aliandika Januari. Chakula cha Januari alikinunua kidogo kidogo tangu Novemba, akakitia kwenye gunia moja la mchele, akalifunga kwa kamba nyekundu. Hospitalini kamba nyekundu maana yake ni moja: haifunguliwi mpaka tarehe iliyoandikwa. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni.

Watoto waliona ni mchezo, wakawa wanasaini kwa kuchora maua. Fundi Rangi alinuna siku tatu. Siku ya nne alihitaji sukari ya chai, akasaini vijiko viwili.

"Mke wangu," alisema, "mimi hata nikikopa pikipiki ya watu sisaini."

"Ndiyo maana huirudishi na mafuta," alijibiwa.

Jambo moja tu lilimtatiza Mama Mizani. Mkate ulikuwa unakwisha kila Alhamisi, na bajeti ilisema uishe Jumamosi. Alihesabu vipande, akakagua sahihi, akakuta watoto wanakula mkate baada ya wali, kila siku. Akaona ni ulafi wa umri. Yeye mwenyewe mchana alikula hospitalini, jioni akanywa chai tu, hivyo hakufikiria zaidi.

Tarehe ishirini na moja walikwenda duka kubwa. Mlangoni tu walipokewa na nyimbo za Krismasi, taa za kuwaka na kuzima, na msichana aliyevaa kofia nyekundu akigawa vipande vya keki. Ukinunua viwili unapata cha tatu bure. Fundi Rangi macho yalimtoka. Kila mkewe alipogeuka, kitu kilitumbukia kwenye kikapu: kopo la biskuti, chupa ya sharubati, pakiti ya karanga za sukari. Na kila fundi alipogeuka, kitu kilirudi rafuni.

"Watu wanatuangalia," fundi alinong'ona.

"Waangalie. Hawa wananiimbia ili nisahau Januari, na mimi sisahau."

Kwenye foleni ya malipo watu walisukuma vikapu vilivyofurika, na mwanamke mmoja alikitazama kikapu cha Mama Mizani, kisha akamtazama yeye, kwa huruma. Mama Mizani akarudisha macho bila kupepesa mpaka mwanamke akaanza kusoma maandishi ya pakiti ya chumvi. Kuku wawili, viazi, nyanya, vitunguu, mafuta chupa moja, mikate miwili. Alilipa, chenji akaihesabu hapo hapo kaunta, taratibu, foleni ikisubiri.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa wifi.

"Wifi yangu mpenzi! Mwaka huu tunakuja tisa. Tukijumlisha na ninyi watano, kumi na wanne. Nimepiga hesabu, kuku watano wanatosha."

"Wapo wawili."

"Wawili wa nini? Wa harufu?"

"Wawili wa kula, wifi. Karibuni sana."

"Umekuwa mkono wa birika," wifi alisema, na kukata.

Siku yenyewe wakaja, tisa kamili, wamependeza, wananukia. Mama Mizani aliwapokea kwa moyo mweupe. Meza ilikuwa na kitambaa kilichopigwa pasi, watoto walikuwa wameng'aa, na sebule Fundi Rangi aliipaka mwenyewe kwa rangi zilizobaki kwenye ndoo za wateja: ukuta mmoja wa maziwa, mwingine wa machungwa. Wifi aliingia hadi jikoni bila kuulizwa, kama kawaida yake, akaiona karatasi mlangoni. Akavaa miwani.

"Jamani, njooni msikie! 'Sukari, vijiko viwili, baba.' Mdogo wangu, unasainishwa sukari?" Watu wakavunjika mbavu. Fundi Rangi akacheka nao, shingo imemwingia mabegani. Wifi akaendelea kushuka na kidole. "'Krismasi, watu kumi na wanne, mchele kilo moja na gramu mia saba.' Yaani tumepimwa kwa gramu kama dhahabu! Na hii je? 'Wageni wa Januari, kilo tano.' Wageni wa Januari! Wifi, nani aje kwako Januari? Kufuata nini, mizani?"

Wakacheka tena. Mama Mizani alikuwa anakata kachumbari, na hakuinua kichwa. "Ukimaliza kusoma, wifi, nisaidie kubeba sahani," alisema.

Chakula kikapakuliwa. Watoto kwanza, kisha wakwe, kisha wageni wengine. Wifi alichelewa kwa sababu alikuwa anapanga watu wapige picha kwenye ukuta wa machungwa. Sahani ya nane, ya tisa, ya kumi. Katika sahani ya kumi na moja mwiko ulikwaruza sufuria. Mama Mizani akachungulia, asiamini macho yake. Sufuria ilikuwa tupu, na watu watatu hawajala: wifi, Fundi Rangi, na yeye.

Hapo ndipo alipoelewa, na uso ukamwaka moto. Alikuwa amepima gramu mia moja na ishirini kwa kila mtu, kipimo alichokipima kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na mitano. Ni kipimo cha wagonjwa. Cha watu waliolala kitandani, wanaokula nusu na kurudisha nusu. Hakuwahi katika kazi yake kumpimia mtu mwenye afya, aliyesafiri, mwenye njaa ya sikukuu. Ndiyo maana mkate ulikuwa unakwisha Alhamisi. Watoto wake walikuwa wanakula wali wa wodini, halafu wanajazia kwa mkate.

"Imekwisha?" wifi aliuliza, sahani mkononi. "Nimetoka kwangu, nimevaa, nimekuja kwa mdogo wangu siku ya Krismasi, chakula kimekwisha?"

"Nimekosea kipimo," Mama Mizani alisema. "Kosa ni langu, na nakuomba radhi."

"Radhi hailiwi. Hilo hapo gunia zima. Fungua."

"Hilo ni la Januari."

"Januari ipo wapi? Wewe unaiona Januari hapa? Mdogo wangu, hebu mwambie mkeo."

Watu wote wakamgeukia Fundi Rangi. Akainuka, akaja jikoni taratibu, akachukua kisu mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kumkatalia dada yake mbele za watu, na tangu utoto wao hakuwahi. "Tufungue kidogo tu," alimwambia mkewe, sauti chini. "Kilo mbili. Tutarudishia. Usinitie aibu."

Mama Mizani akaufunga mlango wa stoo uliokuwa wazi, akasimama mgongo juu ya karatasi yake.

"Kila mwaka ni kidogo tu," alisema, na sasa alikuwa anasema na sebule nzima. "Kila mwaka tutarudishia. Mwaka jana mlikula hapa mkashiba, na mimi nilifurahi, sisemi uongo. Januari tarehe kumi na moja nilikuja kwako, wifi, na mfuko kwapani. Ulinifungulia mlango nusu. Tarehe kumi na nne mwanangu akaanguka shuleni. Mkipenda niiteni mchoyo, niiteni mkono wa birika, andikeni hata kwenye mlango wangu. Kamba ya gunia haikatwi leo. Anayetaka kuikata anikate mimi kwanza."

"Mtoto alikuwa na homa!" wifi alisema. "Tuliambiwa ni homa."

Binti wa kati alikuwa amekaa mkekani na sahani yake, kijiko kimemsimama mkononi, anamtazama baba yake. Fundi Rangi akaangalia kisu alichoshika kana kwamba kimetiwa mkononi mwake na mtu mwingine. Akakirudisha mezani.

"Haikuwa homa, dada," alisema. "Ilikuwa njaa. Niliona haya kusema."

Mama Mizani akachukua mkate, akakata vipande vinene, akavipaka mchuzi wa kuku uliobaki, akaviweka kwenye sahani tatu. Moja akampa mumewe. Moja akabaki nayo. Ya tatu akampelekea wifi yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Wifi aliitazama, akaiweka juu ya meza, akachukua mkoba.

"Krismasi ya mkate," alisema. "Nimeishi nimeona." Na akaondoka na watu wake, mmoja mmoja, wengine wakiaga kwa macho ya chini. Kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa umepata ujumbe kwenye simu: kwa fundi, mtu anapimiwa wali kwa gramu.

Asubuhi ya pili Mama Mizani alikaa mezani na kalamu, akarudia hesabu zote. Akafuta mia moja na ishirini, akaandika mia moja na themanini, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: kosa langu. Halafu akaona kibaya zaidi. Gunia la Januari nalo alilipima kwa kipimo cha wodini. Kwa watu wenye afya lingeisha tarehe ishirini, siku kumi na moja kabla ya mshahara. Zilipungua kilo tisa na ushei. Alijishika kichwa. Miezi miwili ya kujinyima, matusi yote ya jana, na bado Januari ingemshinda?

Fundi Rangi alisoma juu ya bega lake. "Si kuna zile kilo tano za wageni? Zitoe hizo, zitapunguza pengo."

"Hizo zina mwenyewe."

"Nani?"

"Akifika atajijua."

Fundi alikuna kidevu. Kisha akatoka, akaenda kwenye ndoo zake za rangi, akarudi na bahasha yenye madoa ya rangi ya machungwa. Akaiweka mezani. "Nilificha," alisema. "Nilitaka ninunue kuku watatu zaidi ili dada asikuseme. Halafu nikaogopa utaniuliza sahihi."

Mama Mizani alicheka mpaka machozi yakamtoka, mengine ya kicheko na mengine siyo. Jioni mumewe alirudi na kilo kumi za mchele begani, akapima mwenyewe, akachora safu mpya kwenye karatasi, akaiandika kilichoingia. Akasaini kwa herufi kubwa kuliko zote.

Januari ikaingia na ikaliwa. Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi na moja. Tarehe kumi na moja Mama Mizani aliamka mapema, akafungua stoo, akasimama tu akiangalia gunia. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Mtaani watu walianza kuzungumza kwa sauti ndogo, wenye maduka wakabandika karatasi za kukataa mikopo, na siku moja binti wa kati akarudi kutoka shuleni akasema amekimbia mbio akashika namba mbili. Mkate uliisha Jumamosi.

Tarehe kumi na nane, Jumamosi, mlango ukagongwa. Alikuwa wifi, peke yake, bila wanja. Januari nani anakwenda saluni kwake?

"Nilikuwa napita," alisema. "Nikasema niwasalimu."

"Karibu, wifi."

"Sikai. Napita tu. Watoto hawajambo?"

Mama Mizani hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia mfuko ulioko kwapani mwa wifi yake, umekunjwa mara nne, ukafichwa ncha. Alijua kwa nini mfuko hukunjwa hivyo. Alijua pia njia ya nyuma, aliyopita mtu huyu ili asionekane.

Angeweza kufungua mlango nusu. Maneno alikuwa nayo, alikuwa nayo mwaka mzima, yapo kwenye ncha ya ulimi: jaribu kwingine. Moyo wake uliyatamani, na tusimsingizie kuwa malaika.

Akaufungua mlango wote, hadi ukagonga ukuta wa maziwa. "Nipe huo mfuko," alisema.

Jikoni akautoa ufunguo shingoni. Akapima kilo tano, sindano ya mizani ikatulia kwenye tano, akaongeza konzi moja bila kuitazama sindano. Kisha akageukia karatasi mlangoni, akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Weka sahihi."

Wifi akavaa miwani. Ulikuwa mstari ule ule alioucheka siku ya Krismasi, kwa wino wa Novemba uliokwisha kufifia kidogo: Wageni wa Januari, kilo tano. Akaupitishia kidole mara mbili.

"Ulijua nitakuja?"

"Sikujua ni nani. Nilijua Januari lazima mtu atagonga. Mwaka jana niligonga mimi."

Wifi alichukua kalamu. Alisaini. Akachukua mfuko, akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, hakuutia kwapani. Mlangoni aligeuka, na kidogo ule uso wake wa zamani ukamrudia.

"Na Krismasi ijayo, wifi?"

"Kuku wawili," Mama Mizani alisema. "Mchele ndio nitaongeza."